Tuzo ya Aliyekunja Kitambaa

Jumatatu, 4 Mei

Wanaowania tuzo za tamthilia wametangazwa. Yumo! Mpishi yumo! Yaani yule mama anayeigiza mpishi katika tamthilia yetu ya Jumapili, ile ya familia ya kitajiri inayogombea urithi. Msimu mzima hajasema maneno ya kujaza kiganja. Lakini sehemu ya mwisho, watoto wa marehemu wanatukanana mezani, na yeye anakunja kitambaa cha meza. Anakunja, anatulia, anakilaza mkononi. Basi! Papo hapo nikajua kwamba anajua nani aliyeghushi wosia. Niliacha hata kutafuna.

Darasani nilieleza haya kwa utulivu. Bomba akacheka. (Tunamwita Bomba kwa sababu machozi yake hufunguka na kufungwa apendavyo.) Yeye yuko upande wa anayeigiza binti mkubwa, maana huyo hulia kila sehemu. Akasema kitambaa hata dada yake anakunja, mbona hapewi tuzo? Darasa zima likacheka. Nikamjibu kwamba kulia hata kitoto kichanga kinalia. Hakuna aliyecheka. Inaudhi.

Jumatano kuna usaili wa mchezo wa shule. Kila mwaka Bomba huwa nyota, mimi huvuta pazia. Navuta vizuri, lakini nimechoka kuwaona wenzangu kwa nyuma. Mwaka huu naitaka nafasi ya mjane anayenyang'anywa nyumba. Na mbinu ninayo. Nitamwigiza kimya kimya.

Jumanne, 5 Mei

Mazoezi. Kanuni: nikishafika nyumbani, hakuna neno. Macho na mikono tu.

Mama yuko kwenye cherehani, pini mdomoni. Akauliza kama nimekula. Nikamjibu kwa kope. Akauliza nimenunia nini. Nikageuza uso polepole kuelekea dirishani, kama Mpishi alipopata habari ya kifo cha bosi wake. Mama akasema hana muda wa kubembeleza mtu, ana gauni la mteja. Kaka akasema niachwe, huenda betri imekwisha. Nikamtazama kwa huzuni nzito. Akauliza kama nataka kupiga chafya.

Bibi peke yake ndiye aliyeguswa. Alinitazama muda mrefu, akanishika shavu, akasema maskini mjukuu wangu. Kumbe nyumba hii ina mtu anayeelewa sanaa!

Jumatano, 6 Mei

Usaili. Bomba alitangulia. Alilia vizuri, siwezi kudanganya. Jicho la kushoto likaanza, la kulia likafuata. Makofi.

Zamu yangu. Mjane ana hotuba ndefu. Niliiruka yote. Nikavua sweta, nikaanza kuikunja. Mkono mmoja. Nikatulia. Mkono wa pili. Ukumbi kimya! Nikajisemea, nimewashika.

Mwalimu wa maigizo akaniambia kwa upole kwamba kusahau si aibu, karatasi ya maneno iko pale mezani. Nikaitazama karatasi kwa uchungu. Akaja akanigusa kipaji cha uso. Akaniuliza kama nilikunywa chai asubuhi. Halafu akanirudisha nyumbani!

Bomba alinibebea begi, njia nzima akinipa pole, mimi nikimjibu kwa kope. Pole ya kweli, bila machozi. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Alhamisi, 7 Mei

Balaa. Bibi hakuelewa sanaa. Alielewa jino.

Asubuhi alikuwa amekwishavaa viatu vyake vya mjini. Nikafungua mdomo kujitetea. Akasema usijikaze kuongea, mama, utaliumiza. Kwa daktari wa meno nikashindwa kabisa kueleza, maana vyuma vilikuwa vimeshatangulia mdomoni. Na mbaya zaidi: jino bovu likapatikana! Nyuma kabisa! Halijawahi kuniuma hata siku moja. Daktari akaliziba.

Bibi alitoka pale kifua mbele kama aliyeitwa jukwaani. Kila jirani kaambiwa kwamba jino lile yeye alilijua kwa kunitazama usoni tu.

Nusu ya uso ina ganzi. Kaka amesema leo ndiyo naigiza vizuri.

Ijumaa, 8 Mei

Mwalimu alitaja wahusika. Mjane: Bomba. Akaendelea mpaka askari wa mlangoni. Mimi: pazia.

Pazia tena!

Nikasimama. Sijui kitu gani kilinipanda. Maneno ya wiki nzima yalikuwa yamenirundikia kifuani. Nikasema sweta haikuwa kusahau, sweta ilikuwa mjane! Nikaeleza Mpishi na kitambaa. Nikamwigiza binti mkubwa na kilio chake. Nikamwigiza Bibi na viatu vya mjini, daktari na vyuma vyake, hata kiti chake kinavyolia kikishushwa. Wenzangu hoi. Bomba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakuweza kuyafunga.

Mwalimu akafuta miwani. Akauliza, huyu mtu tumemficha nyuma ya pazia miaka yote hii? Akanipa nafasi ya jirani mmbea. Haikuwa na mtu, wote wameogopa maneno yake. Anaongea kuliko mjane mwenyewe.

Nina nafasi! Pazia avute mwingine!

Jumamosi, 9 Mei

Tuzo! Nilimkaribisha Bomba kwetu. Mama aliacha cherehani. Mwigizaji bora wa kike ni... MPISHI! Niliruka nikamwaga chai ya Kaka. Bomba akanikumbatia. Akakiri kwamba aliirudia ile sehemu ya kitambaa, mwili ukamsisimka. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema angeniambiaje, na mimi nilikuwa siongei?

Kisha Mpishi akapanda jukwaani. Akafungua mdomo. Hakuufunga. Alilia macho yote mawili kwa pamoja. Akamshukuru mama yake, majirani, mwalimu wake wa darasa la kwanza, fundi aliyemshonea gauni (hapo Mama akapiga makofi peke yake). Wakapiga muziki wa kumtoa. Akaongea juu ya muziki.

Bomba akanitazama. Kaka akanitazama. Nikawafafanulia kwamba hapo alikuwa anaigiza.

Jumapili, 10 Mei

Nimesoma maneno ya mmbea asubuhi yote. Kurasa kwa kurasa! Mwalimu ameniagiza niseme vilevile nilivyosema Ijumaa. Ni mtu mwema, ila haoni mbali. Yote haya si yanasemeka kwa nyusi? Mmbea asiyetoa neno! Ameketi, anajua siri za mtaa mzima, anakunja kitambaa. Ukumbi utazizima.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nyusi juu, shavu ndani kidogo, macho dirishani. Nilipogeuka, Bibi alikuwa mlangoni, mkono kifuani. Ameguswa!

Sasa namsikia jikoni. Anamwambia Mama ni la upande wa pili, na Kaka amtafutie viatu vyake vya mjini.