Koti la Mkwe na Mashine Inayojiamini

Jumatatu, 3 Machi
Kazi imeisha! Mashine kubwa ya hapa kwa dobi sasa ina kamera na akili mnemba, na kanuni nimeiandika mwenyewe: kila nguo ni pamba, ichemshwe, ila ikijulikana kuwa si pamba. Bosi anasema mambo yakienda sawa, usimamizi ni wangu. Mama Pasi, mkuu wa chumba cha pasi, akauliza, na isipojulikana je? Kijicho tu.

Jumanne, 4 Machi
Jumamosi napeleka posa. Leo nimechukua koti la baba mkwe mtarajiwa, lile lake moja la heshima, nimfulie bure ili moyo wake ulainike. Mama Pasi akanisihi nilifue kwa mkono. Mambo ya kizamani. Nikalitia kwenye mashine.

Jumatano, 5 Machi
Yarabi! Koti limenywea. Sasa linamtosha mtoto wa chekechea, tena kwa kubana. Nikaitaka mashine ijieleze. Ikaandika kwenye skrini: "Lingekuwa la sufu, ningejua. Sijui. Kwa hiyo si la sufu." Nimeitafuta kasoro ya hoja hiyo, sijaiona. Mama Pasi alilishika kwa vidole viwili, akasema hata aliyefumba macho angejua ni sufu. Nani kamuuliza?

Alhamisi, 6 Machi
Nimeongeza kanuni. Nguo nyeusi, maji baridi, ila pakiwa na sababu ya kukataa. Aproni za wapishi, maji moto, nazo pia ila pakiwa na sababu ya kukataa. Asubuhi ikaingia aproni nyeusi. Mashine ikagoma! Kanuni hii inavuta huku, ile kule, na mlango umejifunga na mashuka ya hoteli nzima ndani. Mama Pasi akachomoa waya ukutani, akafungua, akachambua kwa mikono. Bosi akampa usimamizi papo hapo. Dunia haina shukrani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemrudishia baba mkwe koti lake. Akalitazama, akanitazama, akaingia ndani, akafunga mlango bila neno. Kama amekasirika, si angesema? Mchumba naye hapokei simu. Maandalizi yamemzidi, maskini.

Jumamosi, 8 Machi
Mchumba kaja mwenyewe na gauni jipya, linyooshwe upesi, wageni wa posa wanafika saa kumi. Akanipita kama anayepita nguzo. Haya za mwali! Alipoondoka, Mama Pasi akazima pasi, akanishika bega.

"Mwanangu," akasema taratibu, "una hakika mposaji ni wewe?"

Nikamwonea huruma. Uzee huo. Angekuwepo mwanamume mwingine, ningejua. Sijui. Basi ni mimi. Natoka sasa hivi, nikawasaidie kupanga viti.