Siku Tisa za Evora, Nikiwa Malaba

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Jana kanisa letu la Busia lilinisimamisha mbele, likaniimbia na kuniombea safari njema. Viza nilinyimwa Alhamisi. Sikutaja, ingeharibu wimbo. Rafiki yangu wa barua alinialika Evora, mji wa kale wa Ureno, na Mzee Odeke ameshasema binti yake Asio ataolewa na mwanamume aliyeona dunia na asiyesema uongo. Sharti la kwanza nalishughulikia. Emukule, anayemtaka Asio pia, hajafika hata Kisumu.
Nimepanga chumba katika lojingi hapa Malaba, mpakani. Mpango: kusoma kijitabu cha Evora siku tisa, kisha kurudi nyumbani nimechoka kama msafiri.

Jumatano, 14 Agosti
Nimehifadhi: hekalu la Warumi, nguzo kumi na nne. Nyumba nyeupe zenye mistari ya manjano. Mama mwenye lojingi ameuliza kwa nini sitoki. Nimesema macho yangu hayapatani na mwanga. Akauliza mbona nasoma kutwa nzima dirishani. Mwanamke hatari!
Foleni ya malori imefika ukutani. Nilifumba macho nijione Evora. Dizeli ikakataa.

Jumamosi, 17 Agosti
Nilitoka kununua ndizi. Emukule huyo, anashuka kwenye lori la chumvi! Nikajibanza nyuma ya muuza samaki. Akaniuliza, "Boss, unanunua ama unanusa tu?" Nikanunua. Emukule akapita. Asante Mungu. Sasa nina sangara mkavu asiyeingia kwenye begi bila kukunjwa.

Jumatano, 21 Agosti
Nimerudi Busia. Nyumbani kwa Mzee Odeke walijaa wazee, majirani, na Emukule kwenye kiti kizuri. Asio alipokea begi, akaninong'oneza kwamba Ureno inanukia Ziwa Victoria. Nikasema nao ni wavuvi.
Nilianza na nguzo. Wazee wakapiga miayo. Nikatoa silaha yangu kubwa: kanisa dogo ambalo kuta zake ni mifupa ya watu elfu tano, na mlangoni imeandikwa kwamba mifupa iliyomo inaingojea yetu. Nikaongeza kwamba niliingia mara tatu na kushika ukuta.
Mama mmoja akavuta watoto. Mzee Odeke akauliza polepole kama nilishika mifupa ya wafu kisha nikamshika yeye mkono.
Emukule akaruka, mkono kaunyoosha: huyu hajaenda popote, atoe pasipoti tuone muhuri! Lakini Mzee Odeke akanguruma, "Wewe, nyamaza! Hiyo pasipoti ilikuwa mfukoni mwake ndani ya kanisa la mifupa. Nani ataigusa? Wewe?"
Emukule akarudisha mkono. Sijawahi kuwapenda wafu hivi.

Alhamisi, 22 Agosti
Hukumu ya wazee: ninyolewe kama aliyetoka kuzika, nioge maji ya majani, nilale jiko la nje siku mbili. Vyote nilivyovaa na kubeba huko vichomwe. Nilitazama pasipoti yangu safi, isiyo na muhuri hata mmoja, ikijikunja motoni. Raha gani! Viatu navyo vikaingia. Vile vya ngozi, vipya. Hapo nililia kweli, na wazee wakasema machozi ni dalili ya kutakasika.

Jumamosi, 24 Agosti
Nimetakasika! Mzee Odeke amenishika mkono mbele ya wote na kusema mtu anayekubali kunyolewa kwa kusema alikotoka hawezi kuwa mwongo. Posa imepokelewa. Asio amecheka kichwa changu mpaka akakaa chini. Emukule ameondoka bila kumaliza chai. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.
Baada ya chakula mzee akasema angependa kuona zile nguzo kabla hajafa, mradi tusikaribie ile mifupa. Wazee wengine wanne wakasema nao wanataka. Wakaniuliza kama nitawapeleka baada ya mavuno.
Nimesema njia naijua vizuri na askofu wa kule hunipikia chai mwenyewe. Nimeandika majina yao kwa mpangilio wa umri.