Dirisha la Upande wa Shangazi

Bofu, Likoni
14 Mei 1947

Kwa Ndugu Kombo Nguma,
Mtopanga, Kisauni

Ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima na nguo zako kavu. Sisi huku hatujambo, ila nguo zetu ziko kambani tangu Jumapili, na mimi nakuandikia nimejifunga shuka, nakohoa.

Naandika kwa heshima zote, nikiwa baba yake Mwanatabu, kwako wewe uliyemlea Rama, mtoto wa marehemu ndugu yako, mpaka akawa karani bandarini. Posa yake tuliipokea kwa furaha. Lililobaki ni dada yangu Mwanatatu, shangazi wa bibi arusi, aje huko Mtopanga aione nyumba atakayokaa mtoto, kisha tutaje siku. Siku haikutajwa. Sababu unaijua, kwani ilikudondokea sebuleni. Lakini hujui ilivyoanza, nami nimeona niitie nambari, tusije tukachanganya kosa moja na jingine.

1. Motokaa yenyewe. Rama alitufuata na motokaa ya mbio, ya kijani, aliyoinunua kwa afisa mmoja wa manowari aliyerudi kwao. Ina turubai juu, madirisha mawili ya vioo, na viti viwili. Sisi tulikuwa watatu. Dada alipewa kiti cha mbele kwa heshima yake. Mimi nilipewa upenyo ulio nyuma ya viti, ambao Rama alisema ni kiti pia, nami nikamwamini kwa kuwa ni mkwe. Nilikunjwa humo na bakuli la halua kifuani, uso umeelekea Likoni na miguu imeelekea Tanga.

2. Nilipoweza kuinua kichwa, vioo vyote viwili vilikuwa vimeshushwa. Jua lilikuwa kali, sikusema kitu. Lakini huu ni mwezi wa Mei! Mtoto aliyezaliwa pwani hii anashushaje vioo katikati ya masika? Tulipofika kwenye foleni ya feri, mvua ikashuka bila hata ngurumo ya kutuarifu.

3. Mpini. Kioo hupandishwa kwa kuzungusha mpini mdogo ulio mlangoni, na mpini wa upande wa Dada uko karibu na goti lake. Rama, kwa adabu mliyomfunza, hakuweza kupitisha mkono mbele ya mkwe wake. Kwa hilo nampa sifa. Akasema, "Shangazi, kwa hisani yako, zungusha huo mpini." Dada akamjibu, "Nimeshakaa, mwanangu. Mimi si wa kutumwa." Nami huko nyuma nikapaza sauti, "Dada, zungusha tunalowa!" Akaniambia, "Wewe shika halua yako."

4. Rama akateremka mvuani, akazunguka mpaka mlangoni kwa Dada, akamwomba aufungue kidogo ili apandishe kioo mwenyewe. Dada akakataa. Alisema mlango ukifunguliwa atalowa. Wakati huo maji yalikuwa yanamwingia mapajani kama ya mfereji. Rama angeweza kubishana naye, kwani hoja ilikuwa wazi hata kwa waliokuwa kwenye foleni, na wengine walianza kumsaidia. Hakubishana. Alisema tu, "Haya, Shangazi," akarudi kitini shati limemganda mwilini. Nakuuliza, mwanamume anayeshindwa na hoja ya namna hiyo ataishi vipi na binti yangu, ambaye amelelewa na mwanamke huyo huyo?

5. Hili ndilo lililoniuma kupita yote. Kioo cha upande wake Rama alikuwa ameshakipandisha. Alipokaa alimtazama Dada, akakishusha tena. Alikishusha kwa mkono wake, ndugu Kombo, mbele ya macho yangu! Nilipomuuliza ana wazimu gani, akasema haifai Shangazi alowe peke yake. Basi mvua iliyokuwa ikiingia kwa kushoto ikapata na njia ya kulia, ikaja na upepo. Hakuna aliyeuliza kama inafaa mimi nilowe.

6. Ndani ya feri maji yalitufika vifundoni. Baharia mmoja alichungulia, akacheka mpaka akakohoa, kisha akampa Rama kopo la kutolea maji mashuani. Nimevuka hapo miaka thelathini, sijapata kuona chombo kinatolewa maji kwa kopo kikiwa juu ya chombo kingine kisichovuja.

7. Kwako. Mkeo, Bi Nyamvula, alitupokea vizuri, akampa Dada kanga kavu, na Mungu amlipe. Lakini kanga ile imeandikwa UMEKUJA KUFANYA NINI? Dada yangu alikaa mbele ya wazee wenu kuzungumzia arusi amevaa swali hilo. Kila mzee aliyeinua macho alilisoma, na Mzee Babu, ambaye macho yake ni mazito, alilisoma kwa sauti. Watu wote wakanigeukia mimi, nami nikajikuta natoa maelezo.

8. Nilimkemea Rama mbele ya wote, nikamwita mtu asiyejali wakubwa. Hakujibu neno. Aliinamisha kichwa akaendelea kukamua soksi. Kimya kile nimekihesabu kuwa ni ujeuri.

Kwa sababu hizo naomba, tena kwa upole, vioo vya motokaa ile vipandishwe na kugongomewa mbao mpaka masika yaishe. Naomba pia kuhusu nyumba. Nyumba ya Rama ina madirisha manne, niliyahesabu. Motokaa yenye madirisha mawili imelowesha watu watatu, kwa hiyo nyumba yenye manne italowesha watu sita. Na kwa kuwa watakaokaa humo ni wawili tu, kila mmoja atalowa mara tatu. Hesabu hii nimeirudia, nayo haibadiliki. Yazibwe kwa mawe yote manne, na mlango pia ufikiriwe.

Kama hayo ni mazito kwenu, basi uje Bofu wewe mwenyewe katika motokaa ile, siku ya mvua, vioo chini, ukiwa umekaa pale nyuma. Halua ya kushika nitakuletea mimi feri.

Bila hivyo Mwanatabu haolewi. Yumo chumbani analia tangu Jumapili, hali wala hasemi na mimi, nami namwambia kupitia mlangoni kwamba ni kwa faida yake, abaki mahali pakavu.

Nisalimie Bi Nyamvula, na wazee wote kwa majina yao, na jirani yenu Kaviha aliyetukaushia viatu jikoni mwake, na yule paka aliyekubali kula halua iliyoingia maji. Rama pia msalimie, lakini si sana.

Ni mimi, nduguyo niliyelowa bila kuulizwa,
Bakari bin Mwinyikai

Nyongeza. Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Dada barua hii, nikitaraji aniongezee maneno makali. Amecheka mpaka ameshika ukuta. Anasema Rama alitufikia Bofu na vioo vyote juu. Aliyeshusha cha kushoto ni yeye Dada, ili jirani yetu Kanze amwone anavyopita, kisha akamwamuru Rama ashushe na cha kulia, hewa ipite. Mpini anaujua vizuri sana. Hakutaka kuuzungusha kwa sababu ile mvua ya usoni ilimpendeza, na hajapendezwa na kitu namna ile tangu afiwe na mumewe. Rama alijua yote. Nilipokuwa namkemea mbele ya wazee alimtazama Dada mara moja, akanyamaza.

Karatasi hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo, kwa hiyo tafadhali yafute kwa mstari malalamiko yote pamoja na maombi. La saba peke yake liache, kanga ile bado nina neno nayo.

Arusi ni Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi huu. Mwanatabu ametoka chumbani, amekula. Rama mwambie baba mkwe wake amemwomba radhi, na umwambie mbele ya wazee wale wale.

Dada anauliza kama Rama anaweza kumfuata tena Jumapili hii. Nimemwambia masika bado hayajaisha. Amesema anajua.