Miguu ya Obed

Jumatatu, 2 Juni

Nimekimbia. Baridi ya Njombe imewafungia vijana ndani, mimi mzee mzima niko barabarani! Miaka arobaini sasa nakimbia. Moyo wangu ni injini ya lori la chai la Lupembe. Jumamosi kuna mbio za wazee Makambako, zawadi beberu. Beberu ni wangu, kichwani nimeshamfunga kamba.

Kitu kimoja tu. Kwenye msitu wa mipaina pale Yakobi, ndani ya ukungu, palikuwa na mtu nyuma yangu. Tapu, tapu, kimya. Tapu, tapu, kimya. Nikasimama. Yeye akaendelea kukimbia, ila hafiki! Nikageuka. Ukungu mtupu.

Mwendo ule naujua. Ni wa Obed, mwenzangu wa mbio, aliyeangukiwa na gogo mguuni akabaki anachechemea. Maisha yake yote alimaliza mbio nyuma yangu. Siku ya kufa alinishika mkono akasema, Kefa, nitakupita tu. Tulimzika kabla ya Pasaka. Jeneza nilibeba mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Nimemtegea. Nilimwaga majivu barabarani, nikapita juu yake mbio. Tapu tapu ikanifuata. Nikarudi kuangalia. Nyayo za raba zangu, basi.

Jirani Letisia kaniona nimeinama na ndoo ya majivu. Sasa mtaa mzima unasema Mzee Kefa anaroga parachichi za watu. Wivu!

Jumatano, 4 Juni

Leo niliziba masikio kwa pamba. Nilijua nisipomsikia atakata tamaa. Mama yangu! Akasikika kama yuko ndani ya kofia. Mlimani kifua kikabana, nikakaa chini. Ni viazi vya Esnath, mke wangu huyu, anavitia mafuta mengi.

Alhamisi, 5 Juni

Esnath kapata habari kwamba nilikaa chini. Kanipeleka hospitali, kanishika mkono kama mwizi wa kuku.

Daktari ni binti mdogo, anaitwa Rejoice. Kaniamkia vizuri, halafu akaanza maneno. Eti babu, kukimbia ni kuzuri, kumekupa moyo mpana. Ila kushindana miaka mingi hivi hakukingi kila kitu. Mishipa ya moyo imeota magamba, kama birika lililochemshwa sana. Tena moyo unaruka mapigo. Nimeze dawa, nitembee taratibu, mashindano basi. Nikikaidi, moyo unaweza kuzimika njiani.

Nikamwambia, mjukuu wangu, wewe hujazaliwa mimi nakimbia.

Akaniwekea mashine kifuani, ikatoa sauti chumba kizima. Tapu, tapu, kimya.

Obed! Yumo ndani yangu! Binti akasema huo ni moyo wako, babu. Anadanganywa. Ndiyo maana kwenye majivu hakuacha nyayo. Mvivu yule, mimi nakimbia, yeye kabebwa!

Ijumaa, 6 Juni

Esnath kaficha raba. Kasema, Baba Timoth, kitenge nilichovaa msiba wa Obed bado kiko kambani chumbani, sitaki kukivaa tena mwaka huu. Kisha akalia. Nimemwambia kesho naenda Makambako kutazama tu.

Raba nimezikuta kwenye pipa la mahindi. Tumefunga ndoa zamani hivyo, bado hajui kuficha!

Jumapili, 8 Juni. Hospitali, Makambako

Naandika nimelala. Mbavu zinauma.

Jana niliwaacha wote karibu na stesheni ya reli. Wazee gani wale! Mara Obed akaongeza mwendo. Tapu tapu tapu tapu, bila kimya. Mguu umepona! Nikaongeza na mimi. Naye akaongeza. Halafu kimya. Kimya kirefu, sijawahi kusikia kimya kama kile, hata upepo haukuwepo.

Nikaona dari.

Daktari wa hapa anasema moyo ulisimama, vijana wa huduma ya kwanza wakanikandamiza kifua mpaka ukarudi. Esnath yuko kwenye kiti. Kaja na kile kitenge, kakikunja ndani ya mfuko. Kaniuliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa sana! Aliyesimama ni nani? Obed. Mimi huyu hapa, naandika. Nimemshinda mpaka mwisho. Eti beberu kapewa mzee wa tatu, aliyekuwa nyuma yangu na Obed, hilo tutaongea.

Jioni wodi imetulia. Nimelala chali, nasikiliza. Imeanza tena. Tapu, tapu, kimya.

Ila haiko nyuma. Safari hii iko mbele yangu, na inazidi kwenda mbali.

Nimemwambia Esnath anisogezee raba.