Beringi ya Mwisho Haitoki

Alhamisi, tarehe 12 Machi. Asubuhi ya manyunyu. Jua lilichungulia kidogo, likarudi zake.

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Unga,

Nakusalimu kwa heshima kutoka stoo ya vipuri, ambako kila kitu kiko mahali pake isipokuwa amani yangu.

Mwaka jana ulibandika amri mlangoni kwangu: "Rafu isibaki tupu kamwe. Kila kipuri kiwepo angalau kimoja." Nimeitii kama neno la mama mkwe. Sasa natukanwa kwa ajili yake, nami naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Mafundi wanakuja stoo kuchukua vitu. Nimejaribu kulivumilia hili, lakini linajirudia kila siku. Ndiyo kwanza nimemaliza kupanga boliti kwa ukubwa, zimetulia kama wanafunzi kwenye gwaride, mara mkono unapenya dirishani: "Mama Rafu, nipe nane." Nane! Safu inabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

2. Jumatatu kinu kikubwa kilisimama kwa sababu beringi yake imekufa. Fundi mkuu, ambaye ni mume wa dada yangu, akaja mbio. Nilimweleza kwa upole kwamba iliyopo ni moja, ikitoka rafu itabaki tupu, kwa hiyo beringi ipo ila haipatikani. Akashika kichwa. "Shemeji, unamtunzia nani, bwana harusi?" Mpaka leo kinu kimelala, wapakiaji wanacheza drafti juu ya magunia matupu, waoka mikate wanapiga kelele getini, na dada yangu hapokei simu zangu.

3. Mikanda. Hii sitaki hata kuizungumzia.

4. Mashine zinaharibika bila taarifa. Sisi tukiugua tunaleta cheti cha daktari. Pampu inajiamulia tu. Naomba kila mashine inayotaka kuharibika iombe ruhusa wiki moja kabla, na zikubaliwe kwa zamu.

5. Nimechunguza bila upendeleo ni nani hasa anayemaliza vipuri, nikagundua ni mashine. Hakuna kipuri kilichowahi kutoka hapa ila kimeishia ndani ya mashine. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, napendekeza mashine zote ziondolewe kiwandani. Wakaguzi wakija watakuta rafu zimejaa pomoni, na pale kilipokuwa kinu tutapata nafasi ya rafu nyingine.

Nisalimie mama watoto, watoto wenyewe, dereva, na karani wako anayenirudishia fomu kila mara. Mwambie simchukii.

Wako mtiifu, mwenye funguo zote,
Mtunza Stoo

N.B. Nilipoinuka kuileta barua hii, kitasa cha mlango wa stoo kilikataa kufunguka, nami nikiwa ndani. Shemeji akaja dirishani. Kuvunja cha zamani ni kazi ndogo, alisema, lakini bila kipya stoo italala wazi, kila mtu ajichotee. Kitasa cha akiba kilikuwepo: kimoja. Nikamkumbusha amri yako. "Haya, basi kaeni humo, wewe na kitasa chako, nyinyi wa mwisho wawili," akajibu, akaanza kuondoka huku akipiga mluzi.

Nilikitoa. Nilikipitisha dirishani kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono ulivyokwisha kuzoea, ukapitisha na beringi. Shemeji akavunja cha zamani, akafunga kipya, nikatoka.

Tafadhali puuza namba zote, ila ya mikanda tutazungumza. Na amri ile iandikwe upya: kipuri kikibaki kimoja, kiagizwe kingine, si kifungiwe. Ngurumo ya kinu naisikia mpaka huku nyumbani. Dada amepiga simu, amecheka hata salamu zikamshinda.

Nalala saa tatu na nusu usiku. Mlango wa nyumbani sikuufunga kwa kitasa, nimeegemeza kiti.