Faili la Jicho Langu

Jumatatu, 4 Machi

Kiza kimepanda tena kwenye jicho la kulia. Kinaanzia chini, kama maji yanayojaa kwenye beseni. Daktari wa macho anasema ngozi ya ndani ya jicho inabanduka. Anataka kwanza faili la hospitali ya zamani, kule nilikotolewa mtoto wa jicho. Nilipeleke keshokutwa, Jumatano, bila kukosa. Hakutabasamu hata kidogo.

Nikaenda moja kwa moja masijala ya hospitali hiyo. Karani, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akasema nakala inalipiwa, tena kila ukurasa. Nikamuuliza jicho ni la nani. Langu, akakubali. Na faili? La hospitali. Sasa hapo! Nimelala mimi, nimetobolewa mimi, halafu niuziwe habari zangu. Pesa ninayo mfukoni. Haitoki ng'o.

Mke wangu anasema nilipe yaishe. Hajui maana ya msimamo.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana bucha. Nimeazima koti lake jeupe. Nikaingia masijala kwa mwendo wa kidaktari, mikono nyuma, nikaagiza faili langu kwa sauti nzito. Karani akanitazama juu mpaka chini. Akauliza kwa upole daktari anatoka wodi gani, maana mkono wa koti una mafuta ya mbuzi. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Nikatoka nimekaza shingo. Sikukiona kizingiti. Nikaenda chini, magoti mbele. Wakacheka tena. Hawakujua.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya daktari. Sikwenda. Niende mikono mitupu? Nimemwambia mke wangu kwamba daktari kaahirisha. Kaniamini. Kanichemshia chai, akaweka kikombe upande wa kushoto, ninaouona vizuri. Nilijisikia vibaya mpaka chai ilipoisha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua jambo kubwa. Kulisoma faili palepale masijala ni bure! Nikaenda na daftari na kalamu, ninakili mwenyewe. Mtajua mjini nani mjanja.

Herufi zikawa zinaogelea. Karani akaona ninavyopindisha kichwa, akavuta kiti, akaanza kunisomea taratibu. Mimi nikaandika. Mistari ikapandana. Tukafika kwenye picha ya jicho langu, nayo nikaichora. Imetoka kama yai la kukaanga.

Karani akavua miwani. Akainama ili wenzake wasisikie.

"Baba, hili jicho halisubiri. Niruhusu nikulipie mimi."

Nikamwambia mimi si ombaomba. Nikafunga daftari nikaondoka. Huruma yake imeniuma kuliko kicheko cha wale wa Jumanne.

Jumamosi, 9 Machi

Kiza kimefika katikati. Asubuhi nilimwangalia mke wangu kwa jicho la kulia nikaona nywele tu, uso hakuna.

Na uongo wangu umefichuka. Alimpigia daktari simu kuuliza tarehe mpya. Akaambiwa Jumatano nilisubiriwa mpaka jioni. Hakunigombeza. Alivaa viatu, akaenda masijala peke yake, akarudi na bahasha. Nakala zote, zimelipiwa. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari alimulika jicho muda mrefu. Kisha akaisogeza bahasha pembeni bila kuifungua.

"Mzee wangu," akasema, "Jumatano lilikuwa bado linaona."

Akaeleza kwamba upasuaji sasa hautarudisha kitu cha maana. Mke wangu ndiye aliyemshukuru. Mimi nilikuwa nashughulika na kifungo cha shati.

Tukakaa kwenye benchi la nje. Mke wangu akaniambia nifunike jicho zima, la kushoto, kwa kiganja, nimwambie naona nini. Nikafunika. Nikageukia pale alipokuwa amekaa, nikasema namwona vizuri, na leo amependeza sana.

Sauti yake ikatokea kule kwenye dirisha la dawa.

"Mimi nipo huku, baba watoto."

Njia nzima alitembea upande wangu wa kulia, kanishika mkono.

Jumanne, 12 Machi

Sikulala vizuri. Alilia kimya kimya kanipa mgongo, nami nikajifanya nakoroma.

Daktari anataka jicho la kushoto lipimwe kila mwezi, lisije likafuata mwenzake. Sawa. Lakini leo mke wangu amenisomea risiti ya jana: vipimo vya macho. Macho! Wingi! Hiyo ni bei ya mtu mwenye mawili. Mimi linalofanya kazi ni moja. Nusu bei, basi, hesabu haidanganyi.

Miadi ni mwezi ujao. Sikanyagi pale mpaka wakubali.