Kisu cha Baba Mkwe na Tundu la Choo

Jumatatu, 7 Oktoba

Msiba. Saa mbili na nusu asubuhi nimekwenda choo cha nje, kama ilivyo desturi yangu tunapokuwa huku ziwani. Nimefungua mkanda. Tubwi! Nimejipapasa kiunoni. Ala ipo, kisu hakimo. Nimechungulia tunduni. Sitaandika nilichokiona.

Kisu chenyewe si cha dukani. Alikifua baba mkwe wangu, Mzee Nestori, kwa nyundo yake mwenyewe, akanikabidhi siku ya harusi, mpini ukinielekea. Miaka thelathini na minane! Alimpa kila mkwe chake. Na kila mwaka, katika sikukuu yake ya kuzaliwa, wakwe huviweka visu mezani naye huvikagua kimoja kimoja. Jumamosi hii anatimiza miaka tisini.

Mwaka jana alisema changu “kinafaa”. Cha Veijo, aliyemwoa dada wa mke wangu, alikisifu kwa dakika nne. Nilikuwa nikitazama saa.

Mkwe wa tatu, Kauko, alikipoteza chake kwenye tundu la kuvulia samaki barafuni mwaka 1994. Hadi leo hukalishwa mwisho wa meza, kando ya mlango, kwenye baridi. Supu humfikia imepoa.

Nimejaribu kukiopoa kwa reki. Reki nayo imezama. Nyuma ya choo kuna kijimlango cha kutolea mbolea, lakini nilikikaza mwenyewe kwa skrubu kumi na sita, kwa kufuata kanuni. Zote zimeshika kutu.

Mpango: kutomwambia mtu yeyote. Nitanunua kisu kingine. Nilikuwa mkaguzi wa majengo wa wilaya kwa miaka thelathini na mmoja. Siwezi kushindwa kuchagua kisu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikiwa na masharti niliyoyaandika karatasini. Bapa la sentimita tisa na nusu. Mgongo ulionyooka. Unene wa milimita tatu. Mpini wa mti, usio na madoido. Nilibeba rula.

Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye miwani kichwani, aliniuliza ni cha kazi gani. Nilimjibu kuwa ni cha kazi zote za kila siku: kukata kamba, kuchonga vibanzi vya kuwashia jiko, kutumbua samaki, kukata mkate. Hakuitazama hata karatasi yangu. Aliweka mezani kisu chenye mpini mwekundu wa plastiki, kama wanavyovaa mafundi wa paa. Nilimwambia kwa upole kwamba nimekuja kutafuta kisu, si kijiko cha mtoto. Alisema, haya mzee, chagua mwenyewe.

Nikachagua mwenyewe. Sijui kilichonipata. Nimerudi na kisu cha sentimita kumi na nane, chenye meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini. Nilijiambia kuwa macho ya Mzee yamefifia, na kitu kikubwa atakiona vizuri. Yule mama alinitupia na kile chekundu kwenye mfuko, bure. Alisema nitakihitaji tu.

Jioni nimejaribu kuchonga vibanzi. Meno yamenasa kwenye gogo. Nimevuta. Gogo limekuja pamoja na kisu. Wakati huohuo Veijo akapita na mashua yake, akapunguza mwendo makusudi.

“Shemeji!” akaniita. “Dubu amekiona hicho kisu chako, amepiga simu. Anaomba radhi, hatarudia tena!”

Dira inaonyesha kusini kila upande.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa ukubwa, basi. Leo nimekwenda kwa mhunzi wa kijiji cha kanisani, naye ana visu vya kupendeza ajabu. Nimechukua kimoja chenye mpini wa mti wa mbetula wenye mawimbi, shaba nyekundu shingoni, na kichwa cha farasi kitakoni. Mhunzi ameniuliza kama ni zawadi. Nimesema ni cha kazi. Ameniuliza tena kama ni zawadi.

Kimepita masharti yote ya rula. Nyumbani nimegundua kuwa siwezi kukilowesha, kwa sababu mpini utaharibika. Siwezi kukipiga nyundo ya mbao, kwa sababu farasi atavunjika sikio. Nimekata soseji nayo ikatoka salama. Kidole gumba hakikutoka salama. Mpini umesuguliwa mno, unateleza kama sabuni.

Sirkka, mke wangu, amenifunga bandeji. Ameniuliza kisu changu cha siku zote kiko wapi. Nimemjibu kwamba chuma kizee kinahitaji kupumzika. Ameikaza bandeji, akasema ni kweli, hata yeye angependa kupumzika.

Chakula cha usiku: visamaki vya ziwani vilivyokaangwa kwa siagi. Nimekula kumi na vinane. Nimemsifu Sirkka kwa namna alivyovitumbua, mkato mmoja ulionyooka, bila kupasua nyongo. Ameshukuru, akaenda dirishani, mabega yakimtikisika. Kikohozi, nadhani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mpango mpya, nao ni bora kuliko yote. Kisu cha farasi kizeeshwe! Nimemkata farasi kichwa kwa msumeno. (Samahani, farasi.) Nimeuchemsha mpini kwenye sufuria ya kahawa. Nimelisugua bapa kwa majivu na kitunguu. Kisha nimekitundika sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, juu ya mawe ya moto, kipate miaka thelathini na minane kwa saa mbili.

Wakati nikisubiri kulikuwa na kazi. Nimekata kamba ya mashua. Nimepasua mfuko wa saruji. Nimechonga vigingi sita na kupunguza ukingo wa mlango wa ghala. Nimetumia kile chekundu, kwa muda tu, kwa kuwa hakikuwa na thamani ya kuhurumiwa. Kinakata. Hakitelezi mkono ukiwa na maji. Nilikisahau kwenye mvua, nikakifuta kwa suruali, kikaendelea. Jambo la kuudhi sana.

Saa mbili baadaye nimefungua sauna. Gundi imeyeyuka. Bapa limedondoka kwenye mawe. Mpini umepasuka, nao unanuka kahawa.

Sirkka amesema choo kimekaa vizuri sasa, hakinuki. Nimesema ni hali ya hewa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimebakiwa na visu viwili: cha dubu na cha plastiki. Nimeandaa maelezo. Nitasema kisu cha Mzee nimekitoa kwa makumbusho ya wilaya, kwa heshima ya ufundi wake. Nimejizoeza mbele ya kioo cha sauna. Mara ya tatu nilikaribia kulia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nitaandika yote.

Watu ishirini na wawili nyumbani kwa Mzee. Supu ya samaki, mkate mweusi, keki yenye malai. Baada ya supu Mzee aligonga meza. Veijo aliweka kisu chake kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa! Mimi nikasimama. Nikatoa hotuba ya makumbusho. Nilitaja kabati la kioo. Nilitaja watoto wa shule waliosimama mbele yake wakiwa kimya.

Mzee aliniuliza basi mimi nakatia nini mkate. Nikatoa chekundu.

Alikigeuza. Akanyoa vinyweleo viwili vya mkononi. Akakata mkate, akakata ngozi ya samaki, akakifuta kwa suruali. Kisha akatoa kiunoni pake kisu chekundu vilevile, mpini umeungua upande mmoja, akakiweka kando ya changu. Alisema vile alivyofua vilikuwa vya harusi. “Kazi nafanyia hiki miaka ishirini sasa,” alisema. “Nilikuwa nangoja nione ni nani kati yenu ataamka. Oiva, leo umenifurahisha.”

Mimi! Nilimtazama Veijo. Alikuwa akikunja kitambaa chake. Ningekufa papo hapo, ningekufa mtu mwenye furaha.

Ndipo Sirkka akafungua mkoba wake. Akaweka mezani kisu changu cha harusi, kimenolewa, kinang'aa.

“Makumbusho yamefungwa mapema leo,” alisema.

Kumbe Jumanne, nilipokuwa mjini, alivunja kijimlango kwa nyundo ili atoe mbolea kama kila Oktoba. Alipata reki na kisu. Alikichemsha mara tatu, akaamua kungoja aone nitafika wapi. Tangu Jumatano alikuwa akikitumia kutumbulia samaki.

Nilivikumbuka visamaki kumi na vinane. Veijo alicheka hadi akatoka nje.

Nilimwomba Mzee radhi kwa kupoteza kisu. Alisema kupoteza hupoteza kila mtu, na hata Kauko arudi katikati ya meza, amekaa baridini vya kutosha. “Lakini wewe nenda pale mlangoni. Si kwa ajili ya choo. Kwa ajili ya kabati la kioo.”

Kahawa ilinifikia imepoa.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimelala vizuri na nimeelewa somo. Kosa si langu. Kosa ni la ala: haina kizuizi. Asubuhi nimebuni ndoano ya waya, milimita mbili, yenye kufuli ya kujifunga yenyewe. Nimeijaribu kwa kuruka mara kumi uani. Kisu hakikutikisika.

Veijo na mkewe wamekuja kwetu kuoga sauna. Kwa moyo wa mapatano, Veijo akiwa ndani anajimwagia maji, nimemfungia ndoano kwenye ala yake bila kumwambia. Itakuwa zawadi ya kushtukiza.

Ametoka, amevaa, amekwenda choo cha nje. Veijo huimba akiwa chooni, tena kwa sauti kubwa. Hakusikia.

Nimesikia mimi: tubwi.

Nimeipima upya michoro yangu. Ndoano haina kasoro. Mkanda wa Veijo ndio mpana kupita kiasi. Kijimlango nimeshakikaza kwa skrubu mpya, ishirini na nne.

Mpango: kutomwambia mtu yeyote. Duka linafunguliwa kesho saa tatu.